Wakala asema fedha za masomo ya Australia zilikwenda na korona: je, bado ninaweza kuzidai?

Kwa Mshauri,

Natumai u buheri wa afya. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na mkazi wa Umoja hapa Nairobi. Binti yangu wa kwanza alifanya KCSE mwaka 2019, na matokeo yalipotoka tukaamua kumpeleka kwa wakala wa masomo ya nje ambaye ofisi yake iko katikati ya jiji, katika jengo ambalo karibu kila mlango una bango la viza na vyuo vya ng'ambo. Wakala alimpatia nafasi ya stashahada katika chuo kimoja cha kibinafsi mjini Melbourne, masomo yakitarajiwa kuanza Julai 2020.

Kati ya Januari na Februari mwaka huo nilimlipa shilingi 760,000, sehemu kubwa ikiwa ni mkopo wa Sacco ambao wadhamini wangu walikuwa walimu wenzangu. Risiti zinaonyesha shilingi 520,000 za karo ya muhula wa kwanza, 60,000 za huduma ya wakala, 45,000 za viza, 40,000 za bima ya afya na 95,000 za tiketi ya ndege. Viza ilitoka mwanzoni mwa Machi. Machi 13 serikali yetu ikatangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, Machi 20 Australia ikafunga mipaka yake kwa wageni, na Machi 25 ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa hapa kwetu.

Hapo ndipo danadana zilipoanza. Kwanza wakala alisema tusubiri. Baadaye akasema chuo kinafundisha kwa intaneti, na binti akakataa, kwa kuwa hakuona sababu ya kulipa karo ya Melbourne ili asome akiwa sebuleni Umoja. Wakala akaahirisha masomo mara mbili bila sisi kutia sahihi popote. Mwaka 2021 binti alijiunga na chuo kikuu hapa nchini, nami nikamwandikia wakala kwamba tumejiondoa na tunataka fedha zetu. Alijibu kwamba anasubiri chuo kirejeshe. Novemba 2023, baada ya kumsumbua sana, alinitumia shilingi 50,000 kwa M-Pesa pamoja na ujumbe wa WhatsApp uliosema: "Mwalimu, tumeanza na hizi, zilizobaki zinakuja." Hazikuja. Nilipokwenda ofisini kwake hivi majuzi aliniambia kwamba janga lilikuwa mapenzi ya Mungu, kwamba yeye pia aliumia, na kwamba fomu niliyotia sahihi inasema ada hazirejeshwi.

Mume wangu ananiambia maji yakimwagika hayazoleki. Binti, ambaye sasa amehitimu na anafanya kazi, ananiambia, "Mama, hiyo story tulishaifunga." Jirani aliyewahi kufanya kazi katika ofisi ya mawakili anasema miaka sita ikipita sina changu. Nami ninafikiria kumwanika mtu huyu kwenye Facebook au kumpeleka polisi. Jambo jingine linalonisumbua ni kwamba jina lililo kwenye mhuri wa risiti si lile lililo kwenye bango la ofisi. Naomba mwongozo wako.

Mama Mwalimu, Umoja

JIBU

Mwalimu, pole kwa kuzungushwa miaka yote hiyo. Nimezisoma nakala za risiti na fomu ulizoambatisha. Naona kwamba wewe na wakala mmebishana kwa muda mrefu kuhusu korona, na ubishi huo umemfaa yeye zaidi kuliko wewe, kwa sababu maadamu mnazungumzia janga hakuna anayemuuliza shilingi 760,000 ziko mikononi mwa nani leo. Hilo ndilo swali la kuanza nalo, nalo linahitaji kujibiwa kwa kila kifungu cha fedha peke yake.

Kabla ya hapo tuimalize hoja ya mapenzi ya Mungu. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 23, inaruhusu kanuni za mikataba za Uingereza zitumike hapa nchini, pamoja na sheria ya Uingereza ya mwaka 1943 kuhusu mikataba ambayo utekelezaji wake umezuiwa na tukio lisilokuwa kosa la upande wowote. Chini ya kanuni hizo, tukio kama kufungwa kwa mipaka linaweza kuzifungua pande zote mbili kutoka katika wajibu uliobaki, lakini fedha zilizolipwa kabla ya tukio hurejeshwa kwa aliyezilipa, isipokuwa kiasi ambacho mahakama itaona ni haki mpokeaji abaki nacho kwa gharama halisi alizokwisha kuingia. Kwa hiyo janga lilimwondolea wakala wajibu wa kumfikisha mtoto Melbourne mwezi Julai, lakini halikumpa umiliki wa karo.

Kuhusu maneno "ada hazirejeshwi", nimeyaona katika nakala ya fomu, na yamewekwa chini ya kichwa kinachohusu ada ya huduma ya wakala. Sioni mahali yanapotaja karo ya chuo, bima wala tiketi. Hata kama yangekuwa yametaja vyote, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 haikubali haki inazozitoa zifutwe kwa kipengele cha mkataba, na Kifungu cha 46 cha Katiba kinalinda maslahi ya kiuchumi ya mtumiaji wa bidhaa na huduma. Wakala amekuwa akikuonyesha fomu ile akijua kwamba mteja mwenye haya, na walimu wengi ni watu wenye haya, akishaiona sahihi yake mwenyewe atainama na kuondoka.

Sasa tuzifuate fedha. Za viza zisahau: zililipiwa ombi, ombi likashughulikiwa, na viza ikatoka. Za huduma ya wakala nisingezipigania sana, kwa kuwa kazi ya kutafuta nafasi na kuombea viza aliifanya, na ukizidai zote utampa nafasi ya kujionyesha kama mtu anayedhulumiwa. Bima ya afya ya wanafunzi wa kigeni ni jambo jingine kabisa, kwa sababu kampuni zinazoitoa Australia hurejesha malipo kwa mwanafunzi ambaye hakuwahi kuingia nchini humo, mradi aombe. Tiketi nayo inafuatilika. Mwambie wakala akupe namba ya tiketi, kisha uiulize kampuni ya ndege yenyewe iwapo tiketi hiyo ilirejeshewa fedha au ilibadilishwa kuwa vocha, lini, na kwa nani. Mwaka 2020 ndege zilipositishwa, fedha au vocha nyingi zilirudi kupitia ofisi zilizouza tiketi, na wapo abiria ambao hawakuarifiwa kamwe kwamba fedha zao zimerudi.

Karo ndiyo kiini cha dai lako. Binti yako alipata viza, na mtu hakupata viza ya mwanafunzi ya Australia bila hati ya uthibitisho wa usajili kutoka chuoni, ambayo vyuo vingi huitoa baada ya kupokea malipo ya awali. Itafute hati hiyo katika barua pepe za mwaka 2020. Ina sehemu inayoonyesha kiasi cha karo kilichokwisha kulipwa, kwa dola za Australia. Mwanzoni mwa mwaka huo dola moja ya Australia ilikuwa takriban shilingi 68, kwa hiyo shilingi 520,000 zilipaswa kuwa kama dola 7,600. Hati ikionyesha dola 5,000, basi chuo kilipata takriban shilingi 340,000, na shilingi 180,000 hazikuwahi kuondoka Nairobi. Jambo hilo litakuwa halihusiani hata kidogo na korona, wala na chuo, wala na mipaka ya Australia.

Kisha chuo chenyewe kiulizwe, na hapa ndipo binti yako anapohitajika, hata kama yeye ameifunga hadithi hii. Mwanafunzi ni yeye, namba ya usajili ni yake, na chuo hakitazungumza na mzazi kuhusu akaunti ya mwanafunzi mtu mzima bila idhini yake. Usimwombe airudie vita. Mwombe aandike barua pepe moja fupi, akitaja jina lake kamili, tarehe ya kuzaliwa na namba ya usajili, aulize mambo manne: chuo kilipokea kiasi gani na tarehe gani, ni nani aliyeomba masomo yaahirishwe, chuo kimerejesha kiasi gani, lini, na kwa akaunti ya nani, na kama hakijarejesha, kinashikilia fedha hizo kwa kipengele kipi cha makubaliano. Aombe pia nakala ya makubaliano hayo na nakala ya kila ombi la kuahirisha, maana kama kuna sahihi yake ambayo hakuiweka yeye, ni lazima aione kwa macho yake. Mwambie pia, kwa upole, kwamba mkopo ule ulikatwa kwenye mshahara wako mwezi baada ya mwezi. Vijana wengine hawajui, kwa sababu hatukuwaambia.

Usitarajie kwamba chuo kitarejesha kila senti. Sheria ya Australia ya mwaka 2000 inayolinda wanafunzi wa kigeni inakitaka chuo kilichoshindwa kuendesha kozi kirejeshe fedha ndani ya siku 14, lakini chuo chenu hakikushindwa kuanza. Kilihamia kwenye intaneti, nanyi mkajiondoa. Katika hali hiyo kinachoamua ni makubaliano ya maandishi kati ya chuo na mwanafunzi, na mara nyingi makubaliano hayo hukiruhusu chuo kukata ada ya utawala au asilimia fulani kulingana na tarehe ya kujiondoa. Ndiyo maana ni muhimu kujua ni nani aliyeahirisha na lini, kwa kuwa ombi la kuahirisha lililopelekwa bila ruhusa yenu huenda ndilo lililowafikisha kwenye makato makubwa zaidi. Chuo kisipojibu, au kikijibu kwa mafumbo, kuna ofisi ya Ombudsman nchini Australia inayopokea malalamiko ya wanafunzi wa kigeni dhidi ya vyuo vya kibinafsi, bila malipo, na binti anaweza kuiandikia akiwa hapa hapa.

Jirani yako ana haki ya kukutisha, ila hakukwambia yote. Ni kweli kwamba Sheria ya Ukomo wa Madai, Sura ya 22, inatoa miaka sita kwa madai ya mkataba. Kujua miaka hiyo ilianza lini ni jambo la kubishaniwa: wakala atataka ihesabiwe tangu mipaka ilipofungwa Machi 2020, wewe utataka ihesabiwe tangu mlipojiondoa mwaka 2021 na yeye akakosa kulipa. Hata hivyo, sheria hiyo hiyo inasema kwamba mdaiwa wa deni lenye kiasi kinachojulikana akilikiri, au akilipa sehemu yake, muda huanza kuhesabiwa upya. Kukiri huko kunapaswa kuwa kwa maandishi yenye sahihi, na wakili wake anaweza kusema kwamba ujumbe wa WhatsApp hauna sahihi. Malipo hayahitaji sahihi. Zile shilingi 50,000 za Novemba 2023 ndizo silaha yako kubwa kuliko zote, na ujumbe uliofuatana nazo unamzuia kudai kwamba alikupa kwa hisani, kwa kuwa mtu hasemi "zilizobaki zinakuja" kuhusu zawadi. Nenda katika duka la Safaricom uombe taarifa ya M-Pesa ya mwezi huo, na mazungumzo yote ya WhatsApp uyahifadhi yakiwa na tarehe na namba ya simu, pasipo kufuta hata yale ambayo wewe ndiye uliyekasirika. Hata hivyo usiutegemee muda huo mpya kama mtu aliyeongezewa likizo. Fungua dai mapema kadiri uwezavyo, na umwonyeshe wakili hati hizo kwa saa moja kabla ya kufungua, kwa ajili ya suala hili la muda peke yake.

Majina mawili uliyoyaona si jambo dogo. Mshtaki mwenye bango na utaambiwa kwamba aliyepokea fedha ni kampuni nyingine. Ukimshtaki mwenye mhuri utaambiwa kwamba kampuni hiyo ilifungwa. Kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, katika Huduma ya Usajili wa Biashara, unaweza kuomba taarifa rasmi za kampuni zote mbili zinazoonyesha kama zipo na wakurugenzi wake ni akina nani. Linganisha pia na jina lililo kwenye akaunti ya benki uliyowekea fedha na jina lililotokea kwenye ujumbe wa M-Pesa. Ukiwa na shaka, wataje wote wawili katika dai.

Ukishapata jibu la chuo na la kampuni ya ndege, andika barua ya madai ya ukurasa mmoja. Kwa hesabu ya risiti zako, karo, bima na tiketi ni shilingi 655,000. Ukiondoa 50,000 zilizolipwa zinabaki 605,000, na kiasi hicho utakipunguza iwapo itathibitika kwamba chuo bado kinashikilia sehemu yake au kiliikata kihalali. Mpe siku 14. Peleka barua mwenyewe ukiwa na nakala, na mtu wa mapokezi aigonge mhuri na kuandika tarehe. Riba ya Sacco usiiweke humo, ingawa najua imekuuma, kwa sababu wakala atasema hakuhusika na mkopo wako na utakuwa umemfungulia mlango wa kubishana juu ya jambo lisilo na uzito.

Akinyamaza, nenda katika Mahakama ya Madai Madogo, Milimani. Mahakama hiyo ilianza kazi Aprili 2021, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, yakiwemo ya huduma na ya fedha ambazo mtu amepokea kwa niaba ya mwingine, na sheria iliyoiunda inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Huhitaji wakili, na haifuati kwa ukali kanuni za ushahidi, ila kwa kuwa sehemu ya ushahidi wako iko kwenye simu, ambatisha cheti kinachoeleza ni simu ya nani, ujumbe ulitolewaje na ni nani aliyeuchapisha. Dai hufunguliwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Idara ya Mahakama. Inawezekana sana kwamba wakala akipokea karatasi za mahakama atakupigia simu akitaka kulipa kidogo kidogo. Kubali ikiwa awamu zenyewe zina maana, lakini makubaliano yaandikwe na yawasilishwe mahakamani yawe amri; umekwisha kuona ahadi zake za simu zinafika wapi.

Facebook iache. Neno "mwizi" ukiliandika leo, kesho yeye ndiye atakayekuwa mlalamishi, na badala ya kuzungumzia 605,000 zako mtakuwa mkizungumzia heshima yake. Polisi nao nisingewaendea kwa sasa. Kosa la kujipatia fedha kwa udanganyifu linahitaji uongo kuhusu jambo lililokuwepo wakati ulipolipa, na ahadi ya baadaye iliyovunjwa haitoshi. Afisa atakwambia ni deni la kawaida, na wakala ataitumia kauli hiyo mahakamani.

Mambo mawili yakidhihirika, ushauri wangu kuhusu polisi utabadilika. La kwanza ni chuo kikijibu kwamba kilirejesha karo kwa akaunti ya wakala, tuseme mwaka 2021, wakati yeye akikuandikia kwamba bado anasubiri chuo: hapo utakuwa na wakala aliyepokea fedha za mteja na kuzikalia, jambo ambalo sheria ya jinai inalihesabu kuwa wizi wa wakala. La pili ni hati ya usajili ikionekana kuwa na kiasi ambacho chuo hakikitambui. Katika hali yoyote kati ya hizo, chapisha barua pepe ya chuo, ipeleke DCI, yaani idara ya upelelezi wa jinai, pamoja na risiti na taarifa ya M-Pesa, na dai la Milimani uliendeleze vilevile, kwa maana kesi ya jinai ikifaulu itamwadhibu yeye, lakini amri ya kukulipa wewe utaipata kwa urahisi zaidi kule kwingine.